Proksi: niiweke Firefox, Windows nzima, au faili la PAC?

Msangamkuu: Wakuu, heshima mbele. Ofisi iko Ligula, Mtwara, wote tuko laini moja na bando halimalizi wiki. Proksi ipo (seva ya kati inayopitisha mtandao wa wote). Niiweke Firefox, Windows, au kwa PAC (faili linaloambia kivinjari kipitie proksi ipi)? Kesho asubuhi iwe tayari.

FundiMikindani: Umeruka ya maana. Proksi ni ya aina gani, HTTP au SOCKS? Ina nywila? Watu wanafungua kwa nini?

Msangamkuu: Ni programu ya Squid, ya HTTP, haina nywila. Kompyuta sita, wengi Chrome.

FundiMikindani: Basi Firefox peke yake haifai. Chrome haina proksi yake, inafuata ya Windows: Mipangilio, Mtandao, Proksi, washa ya mkono, andika IP ya seva na poti 3128. Kwenye anwani za kusamehewa weka 192.168.*, la sivyo hata ukurasa wa printa utapitia seva.

KoroshoGhafi: Firefox jamani! Ina mipangilio yake, laptopu ikienda nyumbani unazima bila kugusa kingine.

BintiLindi: Na asiyetaka kubanwa anazima vilevile 😂 Weka PAC, utarekebisha sehemu moja:
`function FindProxyForURL(url, host) { return "PROXY 192.168.1.10:3128; DIRECT"; }`

FundiMikindani: Hiyo DIRECT (pita moja kwa moja bila proksi) ndiyo mwizi wa bando. Seva ikizimika watu wanapita kimyakimya, hakuna anayelalamika mpaka salio liishe. Ukiitoa, jiandae kwa balaa jingine: umeme unakatika, rauta inagawa IP upya, seva iliyokuwa .10 inaamka .23. Kompyuta zote zinasema ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, watu wanalaumu mtandao na kununua bando jipya bure. Funga IP ya seva kwa MAC (namba ya kadi yake ya mtandao) kwenye rauta kwanza. Halafu rauta iruhusu seva peke yake kwenda mtandaoni.

Nachingwea_IT: Mnabishania mlango, nyumba haina paa. Kurasa nyingi ni HTTPS, yaani zimesimbwa. Squid inaona CONNECT tu (ombi la kuunganishwa na tovuti fulani), haihifadhi kilichomo. Kitakachookoa bando ni kuzuia video; kwenye mipangilio ya Squid andika hivi, juu ya mistari ya kuruhusu:
`acl video dstdomain .youtube.com .googlevideo.com`
`http_access deny video`

KoroshoGhafi: Si watawasha VPN wakwepe hiyo proksi? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili kufikia 30 Oktoba 2023.

Nachingwea_IT: Rauta ikifungwa alivyosema Fundi, VPN nyingi zitagoma. Usajili ni mada nyingine.

Msangamkuu: Na simu za wafanyakazi kwenye Wi-Fi hiyohiyo?

BintiLindi: Kumbe na simu zimo! Ungeanza na hilo. Android proksi inawekwa kwa kila Wi-Fi, na programu nyingi haziifuati. Simu ngapi?