Tupeane uzoefu: kutunza maji ya bwawa la samaki la uani

Mwanzisha mada (Dodoma)
Wanajamvi, habari za leo. Nina bwawa dogo la saruji uani, lenye sato, na maji yake hayakawii kugeuka kijani kiasi kwamba samaki hawaonekani hata wanapokuja kula. Kabla sijayamwaga yote, naomba wenye mabwawa tuelezane kile ambacho kila mmoja amekifanya kwake kikafaa.

Mchangiaji wa Morogoro
Usiyamwage, ndugu yangu. Ukijani huo ni mwani, yaani vimelea vidogo vya kijani vya majini kama mimea, nao ni chakula cha sato. Anayefuga kwa ajili ya kitoweo hana haja ya maji meupe kama ya kunywa. Mimi huzamisha mkono wima hadi kiwiko: vidole vikionekana kwa shida maji yanapogusa kiwiko, naridhika, lakini vikipotea maji yakiwa bado katikati ya kigasha, nasitisha mbolea ya kuku na kupunguza pumba mpaka hali irejee. Wataalamu huzamisha sahani nyeupe yenye kamba, na kina wanachopenda ipotelee machoni ni sentimita 30 hadi 40.

Cha kuogopa ni usiku. Mchana mwani hutoa oksijeni, ila giza likiingia nao huivuta pamoja na samaki, hivyo ukitaka kujua kama umezidi, nenda bwawani alfajiri kabla jua halijachomoza. Ukiwakuta samaki wamejipanga juu wakihema midomo wazi, ongeza maji mapya mara moja na siku hiyo usiwalishe.

Mchangiaji wa Bungoma
Kidimbwi changu ni cha udongo, na shida yangu ilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu mvua ilikuwa ikisomba tope kutoka uani na kambare nao hawaachi kuchimbua chini. Nilipanda nyasi kwenye kingo, nikachimba mfereji wa kuyapitisha maji ya mvua pembeni, kisha nikatia chokaa ya kilimo, na tope likatuama. Tafadhali isiwe ile chokaa kali ya kupaka ukutani, maana hiyo inaweza kuua samaki.

Mchangiaji wa Dar es Salaam
Mimi nafuga samaki wa mapambo, kwa hiyo kwangu lazima maji yaangaze. Pampu ndogo huyapandisha kwenye pipa lenye sponji juu na kokoto chini, halafu yanarudi bwawani yakianguka. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaokaa kwenye kokoto, ambao hubadili amonia ya kinyesi, iliyo sumu kwa samaki, iwe nitrati isiyo kali kama hiyo, na huchukua wiki kadhaa kujijenga. Ndiyo maana kokoto naisuuza kwa maji ya bwawani tu. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, ingewaua bakteria hao.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Mwenzetu wa Dar, maji unayoongezea ni ya bomba pia. Klorini yake unaiondoaje?

Mchangiaji wa Dar es Salaam
Nayaacha siku moja au mbili katika pipa lililo wazi, penye jua, na hubadilisha sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ulizia kwanza kwa wanaokuletea maji, kwani wakiwa wanatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyaacha wazi hakutoshi na utahitaji dawa ya kuiondoa.