Qt: nilipoongeza nukta za kuchapisha, jedwali lilisinyaa na maandishi yakapandana

Swali, kutoka kwa Mwanakibodi

Wakuu, salaam. Nimeandika kwa Qt, maktaba ya msimbo wa kuundia programu zenye madirisha, programu ya kutoa ripoti za wanafunzi, inayotumika kwenye Windows na Linux kwa msimbo uleule. Kwenye skrini ripoti inapendeza, lakini karatasini nembo ya shule ina vingazi pembeni, na herufi hazikai kwa nafasi sawa: katika neno «Hisabati» herufi tatu za mwisho zimebanana kana kwamba zinasukumana. Printa ni ya nukta 600 kwa inchi na nyaraka nyingine inazitoa safi, kwa hiyo kosa ni langu. Nilipoiweka QPrinter (sehemu ya Qt inayochapisha) kwenye HighResolution, yaani itumie nukta za printa yenyewe, herufi zilikaa sawa, ila jedwali zima lilijikunja kwenye pembe ya juu kushoto, maandishi yakabaki na ukubwa wake, yakapandana. Wazazi husubiri ripoti hizi muhula mzima, nami sitaki wapewe karatasi isiyosomeka.

Jibu, kutoka kwa Fundi wa Pwani

Usipochagua kitu, QPrinter hutumia ScreenResolution, yaani huhesabu nukta kama skrini, ambayo mara nyingi ni 96 kwa inchi. Kwa hesabu hiyo karatasi ya A4 ina nukta 794 kwa 1123; kwa nukta 600 inakuwa na 4961 kwa 7016. Jedwali lako la nukta 718, lililokuwa na upana wa milimita 190, sasa linaenea milimita 30 tu. Maandishi hayakusinyaa kwa sababu ukubwa wake umetajwa kwa pointi, na pointi ni sehemu ya 72 ya inchi popote pale. Jaribu kumkuza mchoraji (QPainter, anayechora ukurasa) kwa painter.scale, ukigawanya nukta za printa kwa 96.

Mwanakibodi

Ahsante sana. Jedwali limekua, lakini lina milimita 182 badala ya 190, na maandishi sasa ni makubwa mno, neno moja linajaza safu nzima.

Jibu, kutoka kwa Bi. Msimbo

Ndugu yangu, hizo milimita nane zimepotea kwenye kugawanya. Katika C++, lugha ya Qt, 600 / 96 kwa namba kamili ni 6, ilhali jibu halisi ni 6.25, andika 96.0. Maandishi nayo yamekuzwa kwa awamu mbili, kwanza na pointi zenyewe, kisha na scale.

Mimi ningeiacha scale kabisa. Andika kitendaji kidogo kinachopokea milimita na kurudisha nukta, kwa kuzidisha na printer.resolution(), yaani nukta za printa kwa inchi, kisha kugawanya kwa 25.4, ambazo ni milimita za inchi moja, halafu upime kila kitu kwa milimita na kuacha maandishi kwenye pointi. Unene wa kalamu pia upime hivyo, kwa mfano milimita 0.25, kwa kuwa mstari wa nukta moja kwenye printa ya 600 una milimita 0.04 na hauonekani vizuri.

Nembo ni jambo jingine. Ikiwa picha yake ina nukta 113 kwa upana wa milimita 30, hakuna mpangilio wa printa utakaoiongezea kisichokuwemo. Zinahitajika takribani 709. Iombe shule faili ya SVG, yaani picha ya mistari inayokuzwa bila kuharibika, uichore kwa QSvgRenderer.

Mwanakibodi

Nimepima kwa rula: milimita 190 kamili, na «Hisabati» inasomeka. Kesho nitafuata faili ya nembo.