Naomba ushauri: propela shafti nyepesi ya alumini inatetemesha Subaru STI

Wakuu, gari ni Subaru Impreza WRX STI, gia sita. Propela shafti yake (mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, yaani gia za ekseli ya nyuma) ya chuma ya vipande viwili, yenye bearingi katikati, imetolewa ikawekwa ya alumini ya kipande kimoja. Kazi imefanyika nyumbani, gari likiwa juu ya stendi nne, ekzosi na bati la kuzuia joto vikiwa vimeshushwa.

Mtetemo unaanza kilomita 100 kwa saa na kuzidi hadi 130. Hata gia ikiwa fri gari likiendelea kutembea upo palepale, kwa hiyo injini naitoa kwenye mashaka. Matairi yamebalansiwa upya. Flenji ya difu (sahani ambayo shafti inafungwa kwa bolti) imesuguliwa kutu kabla ya kufunga, maana uchafu kidogo tu pale unatosha kuitoa shafti katikati, na bolti zote 4 zimekazwa kwa tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Oili iliyomwagika shafti ilipochomolewa kwenye mkia wa gia boksi imerudishwa hadi kipimo, na sili haivuji.

Ninachokihofia zaidi ni pembe ya shafti kwenye jointi, yaani viungo vinavyoiruhusu kupinda. Shafti ya awali ina jointi tatu, hii mbili tu, hivyo pembe yote inabebwa na jointi mbili hizo. Nimepima mbele digrii 2.5, nyuma 0.8, wakati tofauti inatakiwa isizidi digrii 1.

Je, nianze kwa kuweka washa (vipande vyembamba vya chuma) kwenye krosimemba, yaani chuma kinachoshikilia gia boksi, ili kurekebisha pembe, au kwanza nizungushe shafti digrii 180 kwenye flenji nione kama tatizo ni balansi? Na kwa waliofunga busha ngumu za difu (raba zinazoishikilia): mtetemo uliongezeka kwa kiasi gani?