Goloritzé, Sugiton, Macarelleta au Glyka Nera: kighuba gani kinamfaa mama mwenye goti bovu?

MtuWaPangani (München)
Wakuu, habari za muda huu. Mama yangu anakuja Juni kutoka Pangani. Viza ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ameshapata, ya kuingia mara moja. Nataka nimpeleke baharini, ila si ule ufuko wa viti vya kukodi na muziki. Natafuta kighuba kilichojificha, majabali huku na huku, maji unayaona mpaka chini, na pasiwe na hoteli. Tutakuwa wanne: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka 9 na mama. Mama ana miaka 66, ni mzima wa afya, ila goti la kulia linamsumbua akishuka mteremko. Nimebakiwa na hizi nne: Cala Goloritzé ya Sardinia (Italia), Sugiton pale Marseille (Ufaransa), Macarelleta ya Menorca (Hispania), na Glyka Nera kusini mwa Krete (Ugiriki). Aliyewahi kufika anisaidie kulinganisha. Picha zote ni nzuri, kwa hiyo hazinisaidii kuamua.

Baharia_Mtwapa (Cagliari)
Ndugu yangu, nianze na goti la mama kwa sababu ndilo litakaloamua.

Goloritzé ni pahali ambapo kila mwenye macho angependa apaone. Ufuko wenyewe ulitokana na maporomoko ya jabali mwaka 1962, na juu yake imesimama nguzo ya mawe ya chokaa yenye urefu wa zaidi ya mita 140, wapandaji wanaikwea kwa kamba. Kokoto ni nyeupe, zimesuguliwa na maji mpaka zinateleza mkononi. Chini ya bahari kuna chemchemi za maji baridi yasiyo na chumvi, ukiogelea unahisi ubaridi unakupita miguuni ghafla, halafu joto linarudi.

Lakini njia yake ni ya miguu. Unaegesha gari Su Porteddu, kwenye uwanda wa Golgo juu ya mji wa Baunei, ukateremka kama kilomita 3 na nusu. Mwanzo wa njia uko takribani mita 470 juu ya usawa wa bahari, na mita zote hizo utazipanda tena jua likiwa kali. Njia ina mawe yanayobingirika chini ya kiatu. Kijana wako wa miaka 9 ataweza. Mama hapana, na usijaribu kumbembeleza. Boti za injini haziruhusiwi kufika ufukweni pale, kwa hiyo hakuna mlango wa pili.

Kwa siku wanaingia watu 250 tu, unalipia euro 7 na kuweka nafasi mapema. Kuna watu wanalalamika. Mimi naona bila hiyo idadi, kighuba kile kingeshakwisha.

Ngazidja_Marseille
Salaam. Mimi ni Mngazidja, Kiswahili nilikipata Unguja nilipokuwa nasoma, sasa niko Marseille.

Sugiton unafika kwa basi la mjini, B1 mpaka Luminy, halafu unatembea chini ya misonobari karibu saa nzima. Hakuna kwingine kati ya hizo nne ambako unatoka nyumbani kwa basi ukafika ndani ya hifadhi ya taifa. Hifadhi ya Calanques ilianzishwa mwaka 2012. Miaka ya nyuma watu walifika mpaka 2,500 kwa siku kwenye kighuba kile kidogo, udongo ukakanyagwa ukamomonyoka, misonobari ikabaki mizizi nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Ndiyo maana tangu 2022 siku za kiangazi wanaingia watu 400 tu, bure, lakini lazima uweke nafasi. Usipokuwa nayo faini ni euro 68.

Mambo mawili uyajue. Kuanzia Juni mpaka Septemba njia zinaweza kufungwa kwa hatari ya moto, na taarifa unaipata jioni ya kuamkia siku yenyewe. Hata ukiwa na nafasi yako, ukifungwa umefungwa. La pili ni maji. Mistral, ule upepo wa kaskazini magharibi, ukishika unasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, ya chini yanapanda. Joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 15 au 16 hata Julai. Mtu aliyezoea maji ya Pangani atatia mguu na kuutoa.

Na mwisho wa njia pana sehemu ya mawe ya kuteremka kwa mikono. Kwa goti lile, hapana.

ShangaziZuu (Palma)
Mwanangu, mlete Menorca. Nasema hivyo nikimfikiria mama mwenzangu.

Menorca ni hifadhi ya viumbe ya UNESCO tangu 1993, na vighuba vingi vya kusini havijajengewa. Macarelleta ni mchanga laini mweupe. Kiangazi magari hayaruhusiwi kufika, unapanda basi kutoka mji wa Ciutadella mpaka karibu na Macarella, kighuba jirani, halafu unatembea kama dakika 10 kwenye kilima kidogo chenye ngazi. Mama akichoka abaki Macarella, ni pazuri vilevile, mwende mkarudi.

Nikwambie na hili, maana wengine hawatakwambia: Macarelleta wapo watu wanaoota jua uchi, ni desturi ya siku nyingi. Hata Glyka Nera wapo, na Sugiton pembeni pia. Ukiwa na mama na mtoto ni vizuri ujue kabla hujashuka. Kama hilo ni tatizo, nenda Cala Mitjana, ni dakika 20 hivi kwa miguu kutoka Cala Galdana, na ni pa familia zaidi.

Na mkiona majani ya kahawia yamerundikana ufukweni, msidhani ni uchafu. Ni posidonia, nyasi za bahari. Zinazuia mchanga usichukuliwe na mawimbi, na kule chini ndiyo nyumba ya samaki. Visiwa hivi vimepiga marufuku kutia nanga juu yake. Yale maji ya kioo mnayoyapenda yametunzwa na nyasi hizo.

Mla_Urojo
Kwa nini usiende Uturuki au Montenegro? Bei nafuu sana.

MtuWaPangani
Mkuu, viza ya mama ni ya kuingia mara moja. Akitoka Schengen hawezi kurudi Ujerumani, na ndege yake ya kwenda nyumbani inaondokea hapa. Kroatia inawezekana maana imeingia Schengen tangu Januari 2023.

Mla_Urojo
Hapo sawa. Basi Kroatia kuna Stiniva, kisiwa cha Vis. Kisiwa kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia, wageni wa nje hawakuruhusiwa mpaka 1989, ndiyo maana hakikujengwa. Mlango wa kighuba ni mwembamba sana kati ya majabali mawili. Ila njia ya nchi kavu ni mteremko mkali, na wanaokuja kwa boti wanamalizia kwa kuogelea. Nimejijibu mwenyewe kuhusu mama.

Fundi_Chumbe (Athens)
Glyka Nera niisemee. Ukiwa chini ya genge, chimba kokoto kwa mkono, shimo la kina cha bakuli tu. Subiri kidogo, linajaa maji, yaonje: hayana chumvi. Yanashuka kutoka milima ya Lefka Ori na kutokea hapo hapo ukingoni mwa bahari. Mtu wa pwani atakaa pale akishangaa mpaka boti irudi. Kwa miguu kutoka kijiji cha Chora Sfakion ni kama saa moja, sehemu nyingine njia imepita ubavuni mwa genge, lakini kiangazi kuna boti ndogo. Mama apande boti. Kasoro yake ni kivuli haba, na ni mbali: kutoka mji wa Chania tu ni zaidi ya saa moja na nusu ya kona za mlimani.

Baharia_Mtwapa (Cagliari)
Narudi, maana sikutaka kumkatisha tamaa ndugu yetu na Sardinia. Pwani ileile ya Goloritzé kuna Cala Luna. Boti zinatoka Cala Gonone, zinafika mpaka ufukweni na kuweka ubao wa kushukia. Mabaharia huwashika mkono wazee. Nyuma ya mchanga kuna mapango makubwa wazi, saa sita mama atakaa kwenye kivuli cha jabali bila mwavuli. Si kimya kama Goloritzé, lakini hapana jengo la hoteli. Siku ya pili wewe, mke wako na kijana mteremke Goloritzé, mama apumzike kijiji cha Santa Maria Navarrese.

Kwetu tunatazama bamvua na maji mafu. Huku Mediterania maji hupanda na kushuka kiasi cha sentimita 30 tu, kwa hiyo tazama upepo. Maestrale, upepo wa kaskazini magharibi, ukivuma, upande huu wa mashariki umekingwa na milima, bahari inatulia. Ukivuma upepo wa mashariki au sirocco kutoka kusini mashariki, boti hazitoki kabisa.

MtuWaPangani
Nashukuruni sana. Shangazi Zuu, lile la uchi limeniokoa, shikamoo. Nimeshazungumza na mke wangu, tunakwenda Sardinia, wiki ya pili ya Juni, tunashukia Olbia. Baharia, maji yatakuwa ya baridi? Na mama anapenda kuokota kombe na vijiwe vya rangi, kuna ubaya?

Baharia_Mtwapa (Cagliari)
Juni maji ni kama nyuzi 21. Kijana atacheza humo kutwa, mama ataingia mpaka magotini kwanza. Kombe, vijiwe na mchanga aviangalie na kuviacha. Sheria ya mkoa ya 2017 inatoza euro 500 mpaka 3,000, na mizigo inakaguliwa uwanja wa ndege.

Tiketi za boti msinunue za siku ya mwisho wenu. Nunueni za siku ya kwanza au ya pili, ili upepo ukibadilika mpate kuahirisha. Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika mawe kwa ajili ya Goloritzé, na maji lita mbili kila mtu, maana njiani hakuna hata tone.