Kompaila inasema moduli haipo, wewe unaiona kwa macho yako: tupeane uzoefu

KodiSiPango (mwanzisha mada)

Wadau, habari za Jumapili. Jana nimekesha mpaka saa nane usiku kwa ajili ya herufi moja, nikaona aibu hii nisibaki nayo peke yangu. Kwa wageni: kompaila ni programu inayogeuza msimbo tulioandika uwe kitu cha kompyuta kuendesha, na moduli ni kipande cha msimbo kinachoitwa na kingine.

Ni mfumo wa stoo wa mteja wangu anayeuza vipuri vya pikipiki. Ni Laravel, fremu ya lugha ya PHP, nimeuandika kwenye laptopu ya Windows, umepiga kazi wiki tatu bila kukohoa. Napandisha kwenye seva, nafungua ukurasa wa kwanza: klasi App\Models\Mteja haijapatikana. Naingia folda ya Models huko huko kwenye seva, faili hili hapa linanitazama: mteja.php.

Wakongwe mmeshaona. Composer, msimamizi wa maktaba za PHP ambaye pia huletea programu klasi zake, hatafuti kwa kunusanusa. Anachukua jina la klasi, anageuza mikwaju (\) kuwa folda, anaongeza .php mwishoni, halafu anakwenda kubisha hodi mlango huo mmoja tu. Alibisha kwa Mteja.php. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, kwa hiyo nyumbani alifunguliwa. Seva ni Linux, na kwa Linux M na m ni watu wawili wasiojuana.

Basi nikabadilisha jina kwenye laptopu, nikasukuma, seva ikabaki na m ndogo. Nikarudia, vilevile. Kumbe na Git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, ndicho ninachosukumia) kwenye Windows huja imewekwa isijali herufi, kwa hiyo kila nikiiuliza inanijibu hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo lilipokwenda saa zima. Dawa ilikuwa kumwachia Git mwenyewe abadilishe: git mv mteja.php Mteja.php.

Nani mwingine kaambiwa kitu hakipo na huku anakiona? Mwageni hapa, lugha yoyote ya programu.

Bi_Mkwaju

Pole kaka. Yangu ni ya mwaka wa kwanza chuo, na hadi leo rafiki zangu hawajaisahau.

Tumepewa zoezi la mchezo wa kubahatisha namba kwa Python. Nikaandika vizuri, nikahifadhi faili kwa jina la random.py kwa sababu ndilo lililonijia. Juu kabisa nimeweka import random. Nikiendesha, inaniambia random haina randint, ile ya kutoa namba ya bahati. Nikafuta Python, nikasakinisha upya mara mbili, tena kwa bando la usiku.

Python ikitafuta moduli isiyokaa ndani yake kabisa hupita orodha ya folda, iko kwenye sys.path, na ya kwanza kwenye orodha ni folda ya skripti unayoendesha. Maktaba za Python zenyewe zinafuata baadaye. Kwa hiyo nilipoita random nilikuwa najiita mwenyewe, na mimi kweli sina randint. Kibaya zaidi, skripti nyingine za folda ile ile zilizokuwa nzima nazo zikaanza kuugua, maana kila maktaba iliyohitaji random ilipewa mchezo wangu.

Kuanzia Python 3.13 ujumbe wenyewe unakushauri ubadilishe jina la faili. Wadogo zetu wamerahisishiwa.

Nukta_Mkato

Mada inasema kompaila. Python ina kompaila tangu lini?

Bi_Mkwaju

Fungua folda ya __pycache__ uone mafaili ya .pyc, yaani msimbo uliokwisha kukompailiwa, yametoka wapi, halafu urudi tuongee.

Mzee_wa_Jar

Vijana hamjambo. Kisa changu ni cha Java, enzi tunapanga jar (mafaili yanayofungasha klasi za Java) kwa mkono, kwenye kampuni moja ya mizigo hapa Mombasa.

Programu inakompaili safi, haina hata onyo. Ikifika kwenye mashine ya ofisini inakwenda dakika kumi kisha inaanguka: mbinu fulani haipo ndani ya klasi fulani. Nafungua chanzo cha maktaba, mbinu hii hapa. Yaani wallahi nilidhani kompyuta imerogwa.

Kwenye folda ya lib ya mashine ile palikuwa na jar mbili za maktaba moja, toleo la zamani na toleo jipya, kila moja na jina lake tofauti kidogo. Java hufuata mpangilio wa classpath, ile orodha ya mahali pa kutafutia klasi, na klasi ikishapatikana kwenye jar ya kwanza haiendi kuangalia ya pili. Kwangu jar mpya ilitangulia. Kule ilitangulia ya zamani. Kompaila ilikuwa imesema kweli, ila ilisema kweli ya mashine yangu.

Nilichojifunza kukifanya tangu siku ile ni kuendesha java -verbose:class. Inamwaga mistari mingi mno, lakini kila mstari unakuambia klasi imechukuliwa kutoka jar gani. Tafuta jina la klasi yako humo, usianze kubishana na chanzo.

Lushois

Jambo ndugu zangu, mimi niko Lubumbashi. Yangu ni ya Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, na imenilia mega.

Mwenzangu amechukua mradi wangu, kwake haianzi: pakeji haionekani. Kwangu inaanza. Kaangalia package.json, orodha ya pakeji za mradi, pakeji hiyo haimo kabisa. Akanicheka, akasema niko na mizimu.

Node ukiiambia ilete pakeji, inatazama node_modules ya folda ya faili linaloiita. Isipoona inapanda folda ya juu, halafu ya juu yake, mpaka kwenye mzizi wa diski. Mimi miezi mingi nyuma nilikosea folda, nikasakinisha pakeji moja pale nyumbani kwangu, /home/mimi. Kutoka siku ile kila mradi ulioko chini yake ulikuwa unakula kwa jirani bila mimi kujua. Nilikuja kujua nilipoandika require.resolve na jina la pakeji, ikanionyesha njia nzima.

Nikafuta node_modules ile ya nyumbani. Miradi minne ikafa siku moja. Kusakinisha yote upya ndiyo mega zikaisha.

KodiSiPango

Hahaha, yaani kifurushi kimekula kifurushi. Pole sana ndugu yangu.

Barua_ya_Berlin

Niko Ujerumani kwa masomo, na huku nimekutana na lugha ya Haskell; kompaila yake ni GHC, na Cabal ni chombo cha kujengea miradi yake. Samahanini nitakuwa mrefu, maana hili lilinifundisha zaidi ya mhadhara wowote.

Nina faili Main.hs, ndani yake import Data.Map. Nikiita ghc Main.hs, inapita. Nikiweka faili hilo hilo kwenye mradi na kuita cabal build, inakataa: Data.Map haikuonekana. Faili moja, kompaila moja, mashine moja. Lakini ukisoma ujumbe mpaka mwisho, na mimi sikusoma mpaka siku ya pili, unasema moduli hiyo ni ya pakeji containers, ambayo imefichwa.

Imefichwa na nani? Na Cabal. GHC ina daftari la pakeji zilizosakinishwa, unaliona kwa ghc-pkg list. Ukiiita peke yake, pakeji zote za daftarini zilizoachwa wazi zinaonekana. Cabal akiiita, anaiamuru kwanza izifiche zote, kisha afungue zile tu ulizozitaja kwenye build-depends. Mimi sikuitaja containers. Ilikuwemo kwenye mashine tangu siku ya kwanza, maana huja pamoja na GHC yenyewe. Mwanzoni niliona ni ukorofi. Kisa cha ndugu wa Lubumbashi kingezuilika kwa ukorofi wa aina hii.

Moduli zako mwenyewe zinatafutwa tofauti kabisa. Huku nukta inageuka folda: Zana.Tarehe inatafutwa kwenye Zana/Tarehe.hs, kuanzia folda uliyopo au zile ulizozitaja kwa -i. Za pakeji haisomi chanzo, inasoma faili la .hi, muhtasari ulioachwa pakeji ilipokompailiwa: majina gani yanatoka nje na aina zake.

Kilichonitoa jasho hasa ni siku nilipoambiwa Text si sawa na Text. Maktaba moja ilikuwa imejengwa na toleo la zamani la pakeji ya text, nyingine na jipya. Kwa GHC aina haitambulikani kwa jina lake tu, inatambulikana pamoja na pakeji na toleo ilikotoka. Juma wa Tandika si Juma wa Temeke, hata wakija wote wawili wamevaa kanzu moja.

Nukta_Mkato

Hilo la Juma nimelielewa kuliko maelezo yote. Halafu Bi_Mkwaju, nimeiona .pyc. Yaishe.

Dada_Vendor

Mimi sina kisa cha kulia, nina cha kujitetea. Kwetu mtandao ni wa kupanda kilimani. Naandika Go, na kabla sijatoka chuoni kwenye Wi-Fi naita go mod vendor. Inanakili pakeji zote ninazotumia kwenye folda ya vendor ndani ya mradi, na tangu Go 1.14 amri ya go ikiona folda hiyo inatafuta humo bila kuambiwa, alimradi go.mod, faili la maelezo ya mradi, imetaja 1.14 au zaidi. Likizo nzima ya Desemba nimejenga programu bila baiti moja ya intaneti. Kosa langu lilikuwa moja tu, nilisahau kuita tena baada ya kuongeza pakeji mpya, nikalijua tayari niko kwenye basi.

Mzee_wa_Jar

Hapo ulifanyaje binti yangu?

Dada_Vendor

Nilishuka kituo cha kula, mzee. Shilingi mia tano ya bando, na chipsi zikapoa.

Fundi_Mpya

Nimesoma kisa cha Bi_Mkwaju nimecheka mpaka nimeulizwa na shemeji kuna nini. Halafu nikafungua folda yangu ya kazi. Kuna email.py.

Narudi.