Hao ni watoto wa nani?

Kikundi: MAJIRANI WA KALAVATI (Tabata)
Jumanne, Oktoba

[20:51] Mama Neema: Jamani fungeni mageti!! Kundi la vijana kama 10 limenipita hapa mbio, wamefunika vichwa. PANYA ROAD, wale vibaka wa mapanga

[20:51] Mama Neema: Narudia FUNGENI

[20:52] Mangi Dukani: Nimeshusha. Kuna mteja alikuja kununua kiberiti nimefungiwa naye humu ndani

[20:52] Baba Rama: Hata mimi nimewasikia. Mbwa wangu katoka nao mbio mpaka kalavati 😂

[20:53] Side Ulinzi: Wangapi hasa? Wana silaha?

[20:53] Mama Neema: Mmoja ana kitu kirefu kinang'aa mkononi. Nimekiona kwa macho yangu

[20:54] Side Ulinzi: Tunatoka sasa hivi

[20:54] Baba Rama: Msiwahoji sana. Hao dawa yao inajulikana

[20:55] Mwalimu Mstaafu: Baba Rama, taratibu. Maneno hayo saa hizi usiyaandike. Kuna wanaoyasoma huku wameshika panga.

[20:56] Baba Rama: Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, Septemba 2022 walivamia Kawe wakamuua mwanafunzi wa chuo. Nao walikuwa watoto wa watu. Tukae tunasubiri zamu yetu?

[20:59] Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Ya Kawe yalitokea na sikatai. Ila nakumbuka pia Januari 2015, siku mji ulipokimbia kwa kuwaogopa hao hao Panya Road. Nilikuwa Magomeni. Mama muuza maandazi kaliacha karai motoni, mafuta yanachemka, kanipita mbio kanga mkononi. Namuuliza, unakimbia nini? Ananijibu, "Sijui, nimeona watu wanakimbia." Nilisimama pale zaidi ya nusu saa. Mwenye panga sikumwona hata mmoja, lakini karai lilishaibwa.

[21:00] Mangi Dukani: 😂😂 na huyo mwizi wa karai alikuwa mtu mzima

[21:01] Mama Ibra (Nesi): Jamani kila mtu ahesabu wake. Wangu yupo, anafua soksi

[21:01] Baba Rama: Wangu kalala tangu saa mbili. Mimi sina mtoto wa kuzurura

[21:02] Mama Neema: Kaka yake Neema yuko tuisheni, ila yule mpole, si wa makundi

[21:03] Mama Sauda: Na wangu yuko huko huko tuisheni. Mimi wangu namjua

[21:06] Bi Zuhura: Asalam aleikum. Bibi anasema kila mtu hapa kasema wake si kama hao. Sasa hao ni watoto wa nani? (Anayeandika ni mjukuu, maneno ni ya Bibi)

[21:09] Side Ulinzi: Tumewapata kalavati. Wapo 9. Tumewaweka chini, tunapekua mabegi

[21:10] Baba Rama: Safi sana. Pigeni picha mtume

[21:10] Mwalimu Mstaafu: Picha za nini? Chini ya miaka 18 ni mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo. Side, usitume picha ya mtu humu.

[21:12] Side Ulinzi: Begi la kwanza daftari 4, kitabu cha Kemia kimevalishwa gazeti, sweta. La pili daftari, chupa ya maji, nusu chapati. La tatu past paper za Hesabu. Hicho kinachong'aa ni rula ya chuma

[21:12] Side Ulinzi: Wanasema wanatoka tuisheni

[21:13] Side Ulinzi: Kuna mmoja anasema Mama Neema ni mama yake

[21:13] Mama Neema: Ujumbe huu ulifutwa

[21:14] Mama Neema: Nakuja

[21:21] Baba Rama: Sawa, hawa basi sio. Lakini ukweli usemwe, vijana wa umri huo mnawatetea bure. Mbona wamefunika vichwa? Mbona wanakimbia? Mbona makundi? Mtu mwema anatembea kwa makundi usiku?

[21:24] Bi Zuhura: Shikamooni. Hapa naandika mimi mwenyewe, Bibi anatafuta miwani. Mimi nasoma nao, leo sikwenda kwa sababu ya homa. Baba Rama naomba nikujibu bila kukukosea adabu. Vichwa wamefunika kwa sababu kulikuwa na manyunyu, wamevaa sweta kichwani daftari zisilowe. Wamekimbia kwa sababu ya mbwa wako. Na tunatembea kundi kwa sababu wiki iliyopita mwenzetu alikabwa pale pale kalavati akiwa peke yake, wakachukua simu ya mama yake. Tukakubaliana hakuna kurudi mmoja mmoja. Na sisi tunawaogopa Panya Road.

[21:25] Mama Sauda: Eeh Mungu wangu

[21:26] Mama Ibra (Nesi): Alikabwa na hatukuambiwa?

[21:27] Bi Zuhura: Aliogopa kusema. Alijua ataulizwa alikuwa anafanya nini nje saa hiyo.

[21:29] Mangi Dukani: Lakini tuisheni si inaisha saa kumi na mbili? Kutoka kule mpaka hapa ni nusu saa tu

[21:33] Konda Chidi: Hapo nina la kusema. Leo jioni niliwaacha kituoni mimi mwenyewe. Siwezi kuwadanganya, niliziona hizo sare nikamwambia dereva twende. Mwanafunzi analipa 200, mtu mzima karibu mara tatu. Tajiri akitaka hesabu yake usiku haniulizi nilipakia wanafunzi wangapi. Na gari zote jioni ziko hivyo, wanafunzi wanasubiri mpaka abiria wapungue

[21:34] Mama Neema: Chidi!!

[21:34] Konda Chidi: Nisameheni dada. Ndo kazi ilivyo

[21:36] Mama Neema: Nimefika. Mtoto wangu amekaa kwenye tope na wenzie, mikono kichwani. Aliponiona aliinamisha uso. Jamani nimemwona akipita mbele ya geti langu na sikumjua. Mimi niliyemnunulia lile sweta

[21:37] Mama Sauda: Pole mama. Giza lile

[21:38] Mama Neema: Si giza. Niliona kundi tu

[21:41] Baba Rama: Pole jirani. Hata hivyo msiniseme vibaya, wa kwangu ananishinda. Jumamosi analala mpaka saa nne asubuhi. Sisi umri ule tulikuwa shamba saa kumi na moja. Kizazi hiki kivivu

[21:44] Mama Ibra (Nesi): La usingizi niachie mimi. Mtoto akishabalehe saa ya mwilini inasogea. Kuna homoni inaitwa melatonini, ndiyo inayoleta usingizi, na kwa wa miaka 15 inachelewa kupanda usiku kuliko kwako wewe. Ndiyo maana unasinzia kwenye taarifa ya habari na yeye macho makavu. Halafu saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni anagombea gari la Chidi. Siku tano mfululizo. Jumamosi mwili unafidia. Wewe ukitoka shifti ya usiku hulali mchana?

[21:45] Baba Rama: Nalala

[21:45] Mama Ibra (Nesi): Haya

[21:46] Konda Chidi: Nesi nimeguswa tena mimi 😅

[21:52] Mjumbe: Nimechelewa kusoma, nilikuwa msibani. Vijana wote wameshafika makwao? Side, kuna aliyeumia?

[21:55] Side Ulinzi: Wote wameondoka. Mjumbe, kuna mmoja nilimzaba kofi kabla sijamuuliza jina. Mwingine begi lilimwagika mtaroni. Wa kofi ni yule mtoto wa fundi cherehani wa kona

[21:56] Mwalimu Mstaafu: Fundi hayumo humu. Ana simu ya kitochi.

[21:57] Mama Ibra (Nesi): Kwa hiyo tisa wakakaa chini, aliyepigwa ni ambaye baba yake hawezi kusoma tunachoandika

[21:58] Side Ulinzi: Sikupanga hivyo. Ni huyu alikuwa mrefu kuliko wote, nikadhani ndo kiongozi

[22:04] Mjumbe: Kesho saa moja jioni naenda kwa fundi, Side tunaenda wote. Mama Neema na wewe njoo. Radhi tutaiombea pale pale mlangoni kwake, mtoto akiwepo. Suala la kijana kukabwa naliandikia barua ofisi ya mtaa, na ile taa ya kalavati nimeshaiandikia mara mbili, naandika ya tatu.

[22:06] Mama Neema: Nitakuja

[22:07] Side Ulinzi: Sawa Mjumbe. Na kuanzia kesho saa mbili usiku mmoja wetu atasimama kalavati, awasindikize

[22:09] Bi Zuhura: Bibi kapata miwani, kasoma yote. Anauliza lile swali lake la saa ile limejibiwa? (mjukuu)

[22:15] Mama Sauda: Limejibiwa Bibi. Lala salama

Jumatano

[06:18] Mwalimu Mstaafu: Habari za asubuhi. Niko mtaroni na Side. Mtoto wa fundi kasema hataki makubwa, anataka mkebe wake wa hesabu uliozama jana. Mtihani wa kidato cha nne ni mwezi ujao.

[06:31] Side Ulinzi: Umepatikana, umejaa tope. Bikari ipo, penseli ipo. Protrakta hakuna

[06:33] Mangi Dukani: Ninayo moja, 500. Namwekea

[06:40] Bi Zuhura: Bibi anasema hiyo 500 ailipe mwenye mbwa. (mjukuu)

[06:52] Baba Rama: Nimetuma kwa Mangi. Na geti nimefunga

[06:54] Mangi Dukani: Imeingia elfu moja. Chenji ya nani?

[06:55] Baba Rama: Mpe chapati