Naombeni ushauri: taa original za Beetle ya 1965 hazimuliki

KijanaWaBati: Wakuu habari za leo. Nina gari, Volkswagen Beetle ya 1965, taa za mbele ni zilezile ilizotoka nazo kiwandani, nataka nizirudishe kama mpya. Vioo nimeosha vinang'aa lakini usiku mwanga ni wa njano umefifia kama kibatari. Nibadilishe reflekta (lile bakuli la kung'aa nyuma ya globu) au nizipeleke zikapakwe upya? LED msiniambie, sitaki.

SpanaKumi: Funga LED mkuu utanishukuru.

MzeeWaKabureta: Mimi niliwahi kuwa na pikapu ya jicho moja, wanaokuja mbele wanajua pikipiki wananiachia kinjia, wakikaribia ndo wanaona bodi zima linawajia, mpaka leo mama watoto hapandi gari na mimi usiku. Swali lako sijalisahau, narudi.

DadaSpea: Reflekta kwa ndani ikoje? Weka picha. Ule mng'ao ni tabaka jembamba mno, hausuguliwi, unapangusa vumbi kwa pamba laini basi.

KijanaWaBati: Picha hizo. Ina mistarimistari kidogo.

DadaSpea: Mistari ya nini? Uliigusa na nini?

KijanaWaBati: Haya niseme tu. Nilisugua na dawa ya kung'arishia shaba, kitambaa kikawa kinatoka weusi nikajua uchafu ndo unatoka nikakaza, mwisho nikamalizia na msasa laini namba 2000. Sasa katikati inaonekana bati. Lakini wapo wanaofanya hivyo na inang'aa! Na kuna jamaa wa kromu anazipokea kesho, nataka tu mniambie kama kromu ni sawa.

DadaSpea: Ule weusi ndo mng'ao wenyewe ulikuwa unatoka kaka 😭 Kromu inapendeza machoni ila inarudisha mwanga kama asilimia 65 tu, alumini inapita 80. Tafuta wanaopaka alumini kwa vakyumu, yaani ndani ya chombo kilichotolewa hewa.

KijanaWaBati: Nimeshampa advansi. Na kromu angalau ni ngumu. Halafu muda sina, gari ni la mjomba anarudi Jumamosi.

SpanaKumi: Ahaaa, la MJOMBA 😂😂

Mnyoofu: Mali ya mtu mzima unaipiga msasa yeye hayupo? Mpigie leo hii umwambie, usingoje aone mwenyewe.

TochiMbovu: Hii chai jamani. Beetle ya 65 kioo cha taa kimelala kufuata mteremko wa madigadi, kwenye picha yake kimesimama wima. Hiyo sura ni ya 1968 kuja juu. Dogo kaokota picha huko katuletea hadithi, na nyie mnatoa ushauri.

SpanaKumi: Tangawizi imezidi kabisa.

KijanaWaBati: Haki ya Mungu gari ninalo hapa! Kadi imeandikwa 1965 na mjomba anaapa kila kitu ni original. Kitu pekee ni madigadi ya mbele, ukikwangua rangi chini yake kuna nyekundu na bodi lote ni bluu.

MzeeWaKabureta: Nimerudi. Basi madigadi yametoka gari jingine na taa zikaja nayo. Sasa sikiliza, 65 ilitoka na umeme wa volti 6. Inua siti ya nyuma, betri iko chini upande wa kulia, hesabu vifuniko vya kutilia maji, vitatu ni volti 6, sita ni 12. Kisha chomoa globu usome kitako.

KijanaWaBati: Vitatu. Globu imeandikwa 12V 45/40W.

MzeeWaKabureta: Globu ya 12 kwenye umeme wa 6 itawaka kama kaa la moto, hata uiwekee reflekta ya dhahabu. Zipo za 6V za wati hizohizo 45/40. Reflekta ilikuwa haina kosa.

DadaSpea: Na sasa inalo.

KijanaWaBati: Kwa hiyo kwa mjomba naanzia wapi, kwenye msasa au kwenye madigadi?

TochiMbovu: Mimi bado nasema chai. Ila hayo madigadi mkiyatoa nistue inbox.